Tochi au kandili? Balbu tupu yawagawa wapiga picha za harusi

Bibi harusi aliingia ukumbini na gauni jeupe. Kwenye picha, gauni lilikuwa la zambarau.

Ilikuwa Jumamosi usiku jijini Dar es Salaam, katika ukumbi ambao dari lake lote lilifunikwa kwa vitambaa vya mapambo, zambarau juu ya zambarau. Kijana aliyekodiwa kupiga picha alikuwa amevua kile kibakuli cha fedha kinachozunguka taa ya flashi, akaiacha tyubu ya kioo ikiwa wazi juu ya stendi ndefu. Kila alipobonyeza, meza za waalikwa zilimulikwa kuanzia mbele hadi kwenye milango ya jikoni, kama radi ya masika. Akatazama kioo cha kamera, akatazama dari, akakirudisha kibakuli mahali pake bila kusema neno.

Wiki mbili baadaye niliiona taa ya aina ileile, nayo ikiwa wazi, katika chumba cha nyumba ya mawe Mji Mkongwe, Unguja. Mpiga picha alikuwa mwanamke, kama ada inavyotaka pale wanawake wanapompamba mwali. Bibi harusi alikaa juu ya busati, mikono ameinyoosha ili hina ikauke. Picha ilipotokea, kila jani la hina na kila mstari wa piko ulisomeka. Mwanga ulimzunguka uso, na bado pua na shavu vilibaki na umbo lake. Shangazi zake watatu waliokaa nyuma, wamejitanda mitandio myeusi mbele ya ukuta mweupe, walionekana hadi kope.

Mhariri alikuwa amenituma nikaulize kwa nini wapiga picha za harusi wanabishana sana juu ya balbu tupu, yaani flashi iliyovuliwa kibakuli chake. Nilikuwa nimeandaa maswali kuhusu taa. Nilipotoka katika nyumba ile niliyafuta, nikaanza kuuliza kuhusu kuta.

Tochi na kandili

Msomaji aliyekulia mahali ambapo umeme ulichelewa kufika analijua jambo hili bila kufundishwa. Tochi humulika unakoielekeza. Kwingine kote ni giza. Kandili, au chemli kama wengine wanavyoiita, huwekwa katikati ya chumba na kila aliyeketi huona: wa mbele, wa nyuma, hata paka aliye chini ya kitanda. Karabai nayo ni vivyo hivyo, ndiyo maana ilitundikwa juu ya watu kwenye shughuli za usiku.

Flashi ya kawaida ni tochi. Ndani yake mna tyubu nyembamba ya kioo yenye gesi ya xenoni, na nyuma ya tyubu kuna kiakisi, yaani kile kibakuli king'aavu kinachoukusanya mwanga na kuusukuma mbele. Ukikivua kiakisi unabaki na kandili. Mwanga huenda mbele, nyuma, juu na chini. Sehemu yake humfikia moja kwa moja anayepigwa picha. Sehemu nyingine, iliyo kubwa zaidi, hugonga kuta, dari na sakafu, kisha humrudia kutoka huko.

Hapo ndipo wengi hukosea, na kosa hili nimelisikia hata kwa watu wenye miaka mingi kazini: kwamba balbu tupu ni taa laini. Si laini hata kidogo. Mwanga huwa laini kwa kadiri chanzo chake kinavyoonekana kikubwa kutoka pale alipo mtu. Tyubu ni ndogo kuliko kiganja, kwa hiyo kivuli chake ni kikali kama kivuli cha jua la utosini. Kinacholainisha ni ukuta. Ukuta mweupe wa mita tatu kwa nne ukimulikwa unageuka taa ya mita tatu kwa nne. Picha hupata vyote viwili kwa mpigo mmoja: ukali wa tyubu unaochora pua, kidevu na vito, na ulaini wa ukuta unaojaza vivuli visiwe mashimo.

> Ukuta mweupe wa mita tatu kwa nne ukimulikwa unageuka taa ya mita tatu kwa nne.

Ukuta usipokuwepo, hakuna kinachorudi. Ipeleke taa hiyo ufukweni saa mbili usiku, na mwanga uliokwenda baharini umekwenda. Kinachobaki ni tochi dhaifu, kwa sababu bila kiakisi mwanga unaomfikia mtu moja kwa moja hushuka hadi kati ya nusu na robo ya ule wa mwanzo. Nimewaona wapiga picha wakifunika flashi zao kwa kopo la plastiki jeupe kwenye harusi za bustanini, wakiamini kwamba plastiki ndiyo inayolainisha. Kopo hutawanya mwanga kama balbu tupu inavyoutawanya. Pasipo dari wala kuta, kazi yake ni kumaliza betri.

Unga, balbu, tyubu

Flashi ilizaliwa ikiwa moto. Mwaka 1887 Wajerumani wawili, Adolf Miethe na Johannes Gaedicke, walichanganya unga wa magnesiamu na kemikali ya kuuwasha, ukalipuka kwa mwanga mkali wa kufumba na kufumbua. Jacob Riis, mwandishi wa habari mjini New York, aliingia nao usiku kwenye vyumba vya maskini, na kitabu chake juu ya maisha yao kikatoka mwaka 1890. Unga ule ulijaza chumba moshi, na Riis mwenyewe aliwahi kuwasha moto nyumba ya watu kwa bahati mbaya.

Karibu na mwaka 1930 zikaja balbu za kioo zenye alumini nyembamba na oksijeni ndani. Balbu iliwaka mara moja ikafa. Mpiga picha aliing'oa ingali ya moto akaweka nyingine. Nyuma yake kulikuwa na sahani ya kuakisi, na katika chumba kidogo mtu aliweza kuivua sahani hiyo na kuiacha balbu peke yake. Ndiyo asili ya jina. Kuanzia miaka ya 1930, Harold Edgerton wa chuo cha MIT nchini Marekani aliifanya tyubu ya umeme kuwa kifaa cha kazi, kinachomulika tena na tena bila kubadilishwa.

Flashi nyingi ndogo zinazokaa juu ya kamera haziruhusu kiakisi kuvuliwa, kwa hiyo kwa wapiga picha wengi ubishi huu haukuwepo. Umeletwa na flashi za betri kutoka China kama Godox AD200, iliyoingia sokoni mwaka 2017, ambayo huja na vichwa viwili: kimoja cha tochi na kimoja cha tyubu iliyo wazi. Ina nguvu ya jouli 200, na mtengenezaji anahesabu mimuliko 500 ya nguvu zote kwa chaji moja. Kwa mtu anayekwenda harusini kwa bodaboda, hicho ni kifaa kinachoingia begini pamoja na kamera.

Uso mweusi mbele ya flashi

Kama jambo lingekuwa vifaa tu, nisingeandika makala nzima. Linalonigusa ni ngozi zetu.

Kwa miongo mingi rangi za filamu zilipimwa kwa ngozi isiyo yetu. Kodak ilisambaza kwenye maabara kadi zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kama kadi za Shirley, na fundi alirekebisha rangi mpaka ngozi ya Shirley ikae sawa. Ngozi nyingine zilipata zilichopata. Katika picha ya pamoja uso wa mtu mweusi ulizama, yakabaki meno na macho. Mtafiti Lorna Roth wa Canada, aliyechunguza historia hiyo, alieleza kwamba malalamiko yaliyokisukuma kiwanda kuboresha rangi za kahawia yalitoka kwa wafanyabiashara wa chokoleti na wa samani za mbao, waliotaka bidhaa zao zionekane vizuri. Naona uchungu kila ninapoikumbuka habari hii. Meza ya mninga ilisikilizwa kabla ya mama zetu.

Kisha kuna kamera ya Polaroid ID-2. Ilikuwa kamera ya vitambulisho, nayo ilitumika Afrika Kusini enzi za ubaguzi wa rangi, wakati Waafrika walilazimika kutembea na pasi. Kamera hiyo ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa kampuni hiyo huko Marekani, Caroline Hunter na Ken Williams, waligundua kwamba bidhaa walizokuwa wakizitengeneza zinatumika kwenye pasi hizo, wakaanzisha kampeni ya kuisusia kampuni. Polaroid iliondoka Afrika Kusini mwaka 1977.

Kitufe kile kina fikra nzima ndani yake: uso mweusi hauonekani, basi upigwe mwanga zaidi, kutoka mbele, kama wa mshukiwa. Fikra hiyo haijafa. Ninaiona ukumbini kila mpiga picha anapomwelekezea mama mzima flashi usoni, akitazama kioo cha kamera, akiongeza nguvu, akimwelekezea tena.

Ngozi nyeusi huonyesha uzuri wake kwenye mng'ao, pale mwanga unapoteleza juu ya shavu, bega na mfupa wa paji. Tochi ikitoka mbele, mng'ao huo unakuwa doa dogo jeupe katikati ya paji, na uso uliobaki unalala bapa. Mwanga ukitoka kwenye ukuta mpana, mng'ao unatanda kama mafuta ya nazi yaliyopakwa vizuri, na umbo la uso linachorwa na mng'ao wenyewe. Uso mweusi unataka mwanga utoke mahali pengi. Balbu tupu, ikipata chumba chake, hulitimiza hilo kwa taa moja.

> Uso mweusi unataka mwanga utoke mahali pengi.

Sisemi flashi ya mbele haijawahi kufanya kazi njema. Malick Sidibé wa Bamako aliingia kwenye dansi za vijana miaka ya 1960 na kamera ndogo yenye flashi, na picha yake ya mwaka 1963, Nuit de Noël, ya kijana na msichana wanaocheza vichwa vikikaribiana, inapendwa duniani hadi leo. Mwaka 2007 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu mjini Venice. Lakini Sidibé aliwajua wale vijana, akajua wakati wa kubonyeza. Flashi yake iliwakuta wakiwa na furaha yao, haikuwaweka ukutani.

Wanaoikataa

Wapinzani wa balbu tupu si kundi moja.

Wa kwanza ni watu wa studio, wanaofanya kazi kwa mwavuli na softiboksi. Hoja yao ni kwamba mpiga picha anapaswa kuutawala mwanga, na balbu tupu haitawaliki. Humulika hata kisichotakiwa: nyaya za spika, kreti za soda zilizofichwa nyuma ya pazia, mkoba ulioachwa kitini. Ikisimama mbele kidogo ya kamera hutia ukungu kwenye lenzi. Na tena kuna rangi. Sebule zetu hupakwa rangi kwa moyo wote: kijani, waridi, buluu ya bahari. Mwanga unaorudi kutoka ukuta wa kijani huja na ukijani wake, ukaukalia upande mmoja wa uso huku upande mwingine ukiwa na rangi yake halisi. Picha yote ikiwa na rangi moja isiyofaa, kompyuta huisahihisha kwa dakika moja. Uso wenye rangi mbili ni kazi ya usiku kucha, na albamu ina picha mia tatu.

Katika hili wana haki, na ukumbi wa zambarau ni ushahidi wao.

Wa pili ni kameramani wa video. Kamera nyingi za video husoma picha mstari kwa mstari, toka juu hadi chini. Mmuliko wa flashi ni mfupi mno kuliko muda wa kusoma mistari yote, kwa hiyo fremu hutoka nusu nyeupe, nusu ya kawaida. Flashi yoyote hufanya hivyo, ila balbu tupu haiachi kona ambayo kameramani anaweza kujibanza. Keki inapokatwa, maharusi hawajui kwamba mita mbili kutoka kwao kuna watu wawili wanaoharibiana kazi. Wanaoelewana hugawana: wakati wa viapo na keki flashi hunyamaza, na picha za familia hupigwa video ikiwa imepumzika.

Wa tatu ni vijana wasiotaka flashi kabisa. Kamera za leo hutoa picha safi hata penye mwanga hafifu, kwenye ISO 6400, na hoja yao ina heshima: familia imelipia taa na mapambo, kwa nini uje kuyafuta kwa mmuliko wako? Ninawaunga mkono pale mwanga wa ukumbi unapokuwa mzuri. Mara nyingi hauwi. Taa za LED za kumbi hubadilika kutoka buluu kwenda waridi kwenda kijani wakati maharusi wanapita, na uso wa mtu mweusi, ambao tayari uko kwenye sehemu ya giza ya picha, ndio unaochakaa kwanza. Nimeziona albamu ambamo bwana harusi ana rangi nne katika kurasa nne.

Tukumbuke kinachochezewa hapa. Familia huchanga kwa miezi, kadi za mchango huzunguka maofisini na mitaani, ng'ombe huliwa, muziki huzimwa saa sita usiku. Asubuhi kinachobaki mkononi ni picha, na aliyefariki mwaka unaofuata hatapigwa nyingine.

Chumba cha boriti

Narudi Mji Mkongwe, kwa sababu chumba kile kilinifundisha kuliko mtu yeyote.

Nyumba za mawe za pwani, Unguja, Mombasa hata Lamu, zina vyumba virefu vyembamba. Upana wake umeamuliwa na boriti, miti ya mikoko inayobeba dari; kwa kawaida boriti hairuhusu chumba kizidi mita tatu hivi. Kuta ni za mawe ya matumbawe, zimepigwa lipu ya chokaa, nyeupe. Waliozijenga walitaka kujikinga na jua na joto. Bila kujua, wakamjengea mpiga picha kisanduku cha kurudishia mwanga.

Hesabu yake ni hii. Mwanga wa taa ndogo hupungua kwa mraba wa umbali: ukienda mara mbili mbali zaidi, unapata robo, mara nne, unapata sehemu moja ya kumi na sita. Katika chumba chenye upana wa mita mbili na nusu, taa ikiwa katikati, ukuta wa kushoto na wa kulia uko mita moja na robo tu. Mwanga huugonga ukiwa na nguvu, ukarudi ukiwa na nguvu. Katika ukumbi wenye dari la mita sita lililovikwa kitambaa cheusi au cha zambarau, mwanga huenda mbali, hunywewa, na kidogo kinachorudi kimebeba rangi.

Mpiga picha yule aliweka taa nyuma yake, juu kidogo ya kichwa, karibu na pembe. Nguvu aliiweka chini, moja ya nane. Kamera ilikuwa ISO 800 na shata ya 1/60, ili balbu ya njano ya chumbani nayo ipate kuingia pichani na chumba kisionekane kimetolewa kwenye joto lake. Zidaka ukutani zilichorwa kwa kivuli chembamba. Hakusogeza taa tena. Alizunguka yeye, akainama, akapanda juu ya kiti, akaigeuza kamera wima na kulala, na mwanga ukawa uleule kila alipokwenda. Mtu wa mwavuli angehitaji msaidizi na nafasi ya kusimamisha mwavuli, na nafasi hiyo walikuwa wameikalia shangazi.

Kwa hiyo msimamo wangu, baada ya yote niliyoyaona, ni kwamba balbu tupu ni taa ya nyumbani. Chumba cha mwali, sebule ya posa, ngazi, ukumbi mdogo wenye dari jeupe la jipsamu: hapo ndipo pake. Kwenye ukumbi wa watu mia tano, kibakuli kirudishwe. Anayemwuzia mteja balbu tupu kama mtindo, bila kukiona chumba, anamwuzia nusu ya taa.

Kioo kisichoguswa

Jambo moja halibishaniwi. Tyubu iliyo wazi si ya kuchezea. Flashi ya umeme hubeba volti mamia, na hifadhi yake ya umeme hubaki na chaji hata baada ya kuzimwa, kwa hiyo haifunguliwi na asiye fundi. Tyubu haishikwi kwa vidole vitupu, kwa kuwa mafuta ya ngozi hubaki kwenye kioo, na joto likiwaka pale kioo kinaweza kupasuka. Stendi hulemewa kwa mfuko wa mchanga miguuni, kwani katika nyumba ya harusi watoto hukimbia. Nimeshuhudia stendi ikienda chini kwa sababu ya mtoto wa miaka minne na puto.

Shuka mbili

Mwishoni mwa mwezi, yule kijana wa ukumbi wa zambarau alinialika nimfuate kazini, kwenye shughuli ya familia huko Temeke. Alimwamkia bibi wa nyumba shikamoo, kisha kabla ya kufungua begi akasimama katikati ya sebule akitazama huku na huku. Dari lilikuwa jeupe. Kuta tatu zilikuwa za kijani kibichi.

Aliomba shuka mbili nyeupe. Akazifunga kwenye fimbo ya pazia na kwenye misumari ya saa na kalenda, upande ule aliokuwa anaupa mgongo. Bibi, aliyekuwa amekwishakaa kwenye kochi na khanga zake mpya, akataka kujua kwa nini shuka zitundikwe mahali ambapo picha haitafika.

Kijana akamwomba atulie kidogo. Akainua taa karibu na dari, akabonyeza, kisha akapiga goti mbele yake na kumwonyesha kioo cha kamera. Bibi akamtuma mjukuu amletee miwani. Akaishika kamera kwa mikono miwili, akajitazama muda mrefu, halafu akamwagiza mjukuu huyohuyo akazitoe shuka za chumba cha wageni nazo ziletwe.